KUPIMA UVUTANO WA ARDHI: JINSI WATAALAMU WANAVYOJUA UMBO LA BONDE LILILOFUKIWA

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo wa Musoma, Bunda na Butiama)



Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu huliona likipita lakini mara nyingi hawaelezwi.

Gari linafika kijijini. Wanateremka watu wawili watatu. Wanaweka sanduku dogo chini, wanalisawazisha lisiegemee upande, wanachungulia, wanaandika namba katika daftari, wanaondoka. Mbele kidogo, kilometa moja au mbili, wanasimama tena na kufanya vile vile. Hawachimbi. Hawachukui udongo. Lakini jioni kijiji kizima kina habari. Huyu anasema mafuta yamepatikana. Yule anasema ardhi yetu inachukuliwa. Na wa tatu, dalali, ameshaanza kuzunguka akiuliza nani anauza shamba.

Napenda tukitoka hapa kila mmoja wetu ajue mambo mawili. La kwanza, sanduku lile linapima nini. La pili, sanduku lile halipimi nini. Hilo la pili ndilo kubwa zaidi, maana ndilo linaloweza kumfanya mtu auze shamba lake kwa hasara, au anunue matumaini yasiyokuwapo.

BONDE LA MASHAPO NI NINI?

Chukua mtungi, ujaze maji ya mto wakati wa masika. Uuache hadi asubuhi. Maji ya juu yatakuwa meupe, na chini utakuta tope limetulia. Tope hilo ndilo tunaloliita mashapo.

Mito yetu inafanya kazi hiyo kila siku. Simama darajani Kirumi mvua zikiwa kubwa, utazame rangi ya maji ya Mto Mara. Ile rangi ni udongo wa watu, unasafiri. Grumeti na Mbalageti nayo inapeleka udongo katika Ghuba ya Speke. Maji yakipoteza mwendo, mchanga unatua kwanza, kisha udongo laini.

Sasa fikirini mahali ambapo ardhi yenyewe inazama polepole, kidogo kidogo, kwa miaka mamilioni. Mito inaleta mashapo, ardhi inazama, mashapo mengine yanakuja juu yake. Tabaka juu ya tabaka. Ya chini yanabanwa na kuwa mawe. Mahali hapo huitwa bonde la mashapo. Juu unaweza kuona mbuga tambarare tu, ng'ombe wanakula majani, au ziwa limetulia. Lakini chini kuna shimo kubwa lililojaa hadi ukingoni.

Kwa nini watu wanayatafuta mabonde hayo? Kwanza, mchanga na kokoto zilizofukiwa zinaweza kutunza maji mengi. Pili, mabaki ya mimea na viumbe vidogo yakifukiwa kwa kina cha kilometa mbili, tatu au zaidi, na kupata joto kwa muda mrefu, yanaweza kugeuka kuwa mafuta na gesi. Lakini kina kikiwa kidogo, mafuta hayapikiki. Ndiyo maana swali la kwanza la mtaalamu ni hili: shimo lina kina gani, na lina umbo gani?

UZITO WA DEBE MOJA

Jibu linaanza na debe. Chukua debe la lita 20. Kama ungeweza kulijaza graniti tupu, jiwe moja lisilo na nafasi ndani, lingekuwa na kilo 53 hivi. Debe hilo hilo ukilijaza mashapo yaliyogandamana kidogo na kulowa maji, litakuwa na kilo 45 hivi. Ukilijaza maji matupu, kilo 20.

Debe ni lile lile, uzito si ule ule. Graniti ni nzito kuliko mashapo. Basi mahali ambapo graniti imezama na nafasi yake imejazwa mashapo, ardhi ya pale ina upungufu wa uzito.

Na kila kitu chenye uzito kinavuta. Dunia inatuvuta sote, ndiyo maana embe likikatika kwenye kikonyo linaanguka. Nguvu hiyo ndiyo uvutano. Wengi tunadhani uvutano ni sawa mahali pote. Siyo. Penye mwamba mzito chini, unavuta zaidi kidogo. Penye mashapo mepesi, unavuta pungufu kidogo.

Kidogo kiasi gani? Tufanye hesabu. Wataalamu wanatumia kipimo kiitwacho miligali, jina lililotokana na Galileo, mtaalamu wa Italia wa zamani. Uvutano wote wa dunia hapa karibu na ikweta ni miligali 978,000 hivi. Sasa, tabaka pana la mashapo lenye unene wa kilometa moja, likikaa mahali pa graniti, linapunguza miligali 17 hivi. Katika 978,000 zinapungua 17 tu!

Kwa mtu wa kilo 60, tofauti hiyo ni sawa na gramu moja. Gramu moja ni punje tatu hivi za mahindi. Yaani ukitoka Butiama juu ya graniti na kwenda kusimama juu ya bonde lenye mashapo ya kilometa moja, unakuwa mwepesi kwa punje tatu za mahindi. Mwenyewe hutahisi lolote. Lakini sanduku lile linahisi.

MIZANI GANI INAWEZA KAZI HIYO?

Ninyi wakulima wa pamba mnazijua mizani. Kuna mizani ya mawe, yenye sahani mbili. Hiyo haiwezi kazi hii. Kwa nini? Kwa sababu uvutano ukipungua, pamba inakuwa nyepesi na lile jiwe la kupimia nalo linakuwa nyepesi. Pande zote mbili zinapungua sawasawa, na mkono wa mizani haugeuki.

Lakini kuna mizani ya kuning'iniza, yenye springi ndani na mshale usoni, ile iliyotumika miaka mingi kupimia pamba na hata watoto kliniki. Hiyo ni tofauti. Springi haijali uvutano; inanyooka kadiri inavyovutwa. Uvutano ukipungua, springi inarudi juu kidogo.

Sanduku la wataalamu, liitwalo gravimita, ni ndugu wa mizani hiyo. Ndani mna kipande kidogo chenye uzito usiobadilika kinachoning'inia kwenye springi. Tofauti ni kwamba springi yake imetengenezwa kwa ustadi mkubwa mno, hata inaweza kuonyesha sehemu moja ya mia ya miligali. Ndiyo maana mpimaji halibebi kama mzigo wa kuni. Analibeba kama anavyobebwa mtoto mchanga.

KAZI YA MPIMAJI

Msidhani kazi ni kuweka sanduku na kusoma namba. Namba ya kwanza inayosomwa ni kama mahindi yaliyotoka shambani, yana magunzi na maganda. Lazima yapukuchuliwe na kupepetwa.

Kwanza, kimo. Ukipanda juu unakwenda mbali na katikati ya dunia, na uvutano unapungua. Kupanda meta 5 tu mlimani kunabadilisha kipimo kwa miligali 1 hivi, hata baada ya kuhesabu mwamba uliopanda juu yake. Maji ya ziwa letu yako meta 1,134 hivi juu ya bahari, na Butiama iko juu zaidi ya Musoma. Mtu akipima Musoma na Butiama bila kuhesabu kimo, atapata tofauti kubwa ambayo haina habari yoyote ya mabonde. Kwa sababu hiyo wapimaji wanahitaji kujua kimo cha kila kituo kwa uhakika. Zamani walitumia darubini na vijiti vya kupimia, siku hizi wanapata msaada wa setilaiti.

Pili, dunia si duara kamili. Katikati, kwenye ikweta, imevimba kidogo, tena inazunguka. Uvutano kwenye ikweta ni mdogo kuliko kwenye ncha za dunia. Lazima mpimaji ajue yuko umbali gani kutoka ikweta.

Tatu, mlima ulio karibu unavuta, na korongo lililo karibu lina upungufu. Vyote vinahesabiwa.

Nne, mwezi na jua vinavuta. Ndugu zetu wa pwani wanajua maji kupwa na maji kujaa. Nguvu hiyo hiyo inaigusa springi iliyomo sandukuni. Aidha springi yenyewe inachoka kadiri siku inavyokwenda. Kwa hiyo wapimaji hurudi kila baada ya saa chache kwenye kituo kimoja cha mwanzo na kupima tena. Namba ikiwa imebadilika, wanajua si ardhi iliyobadilika. Ndiyo sababu mnawaona wakienda na kurudi, na watu wakasema wamepoteza kitu!

Mwisho kuna hesabu ya mteremko mkubwa. Nyanda za juu zote za Afrika Mashariki zina upungufu wa uvutano kwa jumla, na sehemu ya sababu iko mbali sana chini, kwenye miamba yenye joto. Ukitaka kujua kina cha shimo lililo katika shamba lenye mteremko, kwanza uondoe mteremko wa shamba. Ndivyo wanavyofanya. Wanaondoa upungufu wa nchi nzima, unabaki upungufu wa pale tu.

UMBO LINAVYOSOMWA: MFANO WA JOSHO

Tuseme tumepima katika mstari mmoja, kila baada ya kilometa 2, na tumeshapepeta namba zetu. Huu ni mfano wa kujifunzia tu. Kituo cha kwanza tumepata 0. Cha pili, pungufu 17. Cha tatu, pungufu 24. Cha nne, pungufu 19. Cha tano, pungufu 13. Cha sita, pungufu 8. Cha saba, pungufu 3. Cha nane, 0 tena.

Someni namba hizo kama mnavyosoma sentensi. Zinasema nini? Upande mmoja zimeshuka ghafula: kutoka 0 hadi 17 kwa hatua moja. Upande wa pili zimepanda polepole, hatua tano.

Wafugaji mnalijua josho la ng'ombe. Upande wa kuingilia umesimama, ng'ombe anaruka, chubwi! Upande wa kutokea una mteremko wa polepole, ng'ombe anatoka akitembea. Mabonde mengi ya Bonde la Ufa yana umbo hilo hilo. Upande mmoja kuna mpasuko mkuu ambako ardhi imekatika na kuzama. Upande wa pili imeinama tu. Namba zetu zimechora josho, na bado hatujachimba hata shimo la mchwa.

Na kina? Tumesema kilometa moja ya mashapo ni miligali 17 hivi. Penye upungufu wa 24, gawanya 24 kwa 17. Tunapata 1.4, yaani meta 1,400 hivi. Lakini hesabu hiyo ni ya tabaka pana lisilo na mwisho. Bonde letu lina kingo, kwa hiyo kina chake halisi kitakuwa zaidi ya hapo.

Ukipima mistari mingi, ukaunganisha vituo vyenye namba sawa, unapata ramani yenye duara ndani ya duara, kama vile mawimbi yanavyotawanyika ukitupa jiwe majini. Pale duara zinapobanana, ukuta umesimama. Pale zinapoachana, mteremko ni wa polepole. Duara la ndani kabisa linaonyesha penye mashapo manene.

KISA CHA ZIWA ALBERT

Sasa tuje kwenye jambo la pili: sanduku halipimi nini. Hapa nitawapa kisa cha kweli cha jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1933 na 1934 alikuja Afrika Mashariki kijana mmoja mtaalamu kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, jina lake Edward Bullard. Alizunguka akipima uvutano. Hakuwa na gravimita ya springi. Alitumia pendulamu, yaani kitu kinachoning'inia na kubembea kama kile cha saa ya ukutani. Uvutano ukiwa mdogo, pendulamu inabembea polepole zaidi. Upungufu wa miligali 100 unaweza kuchelewesha saa ya namna hiyo kwa sekunde 4 hivi tu kwa siku nzima. Ili kujua sekunde hizo, ilibidi alinganishe mabembeo yake na ishara za saa zilizotangazwa kwa redio. Fikirini kazi hiyo, kwa barabara za wakati ule!

Bullard alikuta kwamba ndani ya Bonde la Ufa, hasa upande wa Ziwa Albert, uvutano umepungua sana. Vipimo vyake vilikuwa vizuri. Alivitangaza mwaka 1936, na wataalamu wakaviheshimu.

Lakini vipimo vinamaanisha nini? Hapo ndipo penye somo. Bullard aliafiki wazo kwamba Bonde la Ufa limetokana na kubanwa. Pande mbili za nchi zinasukumana, zinapanda juu ya kingo za bonde na kuikandamiza sakafu chini, kama mtu aliyekabwa na wawili. Sakafu nyepesi iliyozuiwa isipande ingeleta upungufu wa uvutano. Maelezo hayo yalilingana na namba.

Leo tunajua sivyo. Bonde la Ufa halibanwi, linapanuka. Setilaiti zinaonyesha kwamba pande zake zinaachana kwa milimeta chache kila mwaka. Ardhi inavutwa, inapasuka, inazama, na mashapo yanajaa. Chini ya Ziwa Albert na kando zake kuna mashapo yanayofikia unene wa kilometa 5 hadi 6 mahali penye kina. Mashapo hayo mepesi ndiyo sehemu kubwa ya upungufu ule alioupima Bullard.

Mnaona, ndugu zangu? Namba zilikuwa kweli. Maelezo hayakuwa kweli. Namba zile zile ziliweza kubeba hadithi mbili. Na si kwa Bullard tu. Ndivyo uvutano ulivyo siku zote. Shimo jembamba lenye mashapo mepesi sana na shimo pana zaidi lenye mashapo mazito kiasi yanaweza kutoa namba zinazokaribiana. Ukiinua gunia lililoshonwa unajua uzito wake. Hujui kama ndani mna mtama au mna uwele. Sharti ulifungue.

Uganda walilifungua kwa hatua. Mwaka 1938 kisima cha kwanza kirefu kilichimbwa karibu na Butiaba, kando ya Ziwa Albert, kikashuka zaidi ya meta 1,200. Mashapo yalikuwapo kweli. Lakini kazi ikasimama kwa miaka mingi. Mwaka 1983 ilipita ndege ikipima usumaku wa miamba, ikaonyesha sehemu zenye mashapo manene. Baada ya hapo wataalamu wa Uganda wenyewe wakatembea kwa miguu na kwa magari wakipima uvutano na kuchunguza miamba. Kisha ukafuata upimaji wa mitetemo, yaani kuitikisa ardhi na kusikiliza mwangwi wake kutoka kila tabaka. Ndipo vikachimbwa visima, na mwaka 2006 yakathibitishwa mafuta yanayofaa biashara.

Hesabuni wenyewe. Kutoka pendulamu ya Bullard hadi mafuta ni zaidi ya miaka 70. Mtu aliyeuza ng'ombe mwaka 1934 ili anunue shamba kwa ajili ya utajiri wa mafuta angekufa akisubiri.

JE, HAPA KWETU MARA?

Tuangalie nyumbani. Musoma kuna mawe makubwa yamesimama ufukweni. Butiama kuna vilima vya graniti. Miamba yetu ni mikongwe, sehemu kubwa ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Hiyo si miamba ya kupikia mafuta.

Wengine watasema: mbona tuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika? Kweli, ni kubwa, lakini halina kina. Ziwa Viktoria penye kina kabisa ni meta 80 na kidogo tu, na tope la chini yake lina unene wa makumi ya meta. Karibu miaka 15,000 iliyopita lilikauka. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 za maji, na chini ya maji hayo kuna kilometa kadhaa za mashapo. La kwetu ni sinia, lile ni pipa. Sinia limekaa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, halikukatwa na mpasuko mkuu kama lile. Samaki tunao, tushukuru. Lakini ukubwa wa ziwa hauonyeshi ukubwa wa bonde la mashapo.

Je, gravimita haina kazi Mara? Inayo. Ila kwetu mara nyingi inatafuta uzito, haitafuti wepesi. Miamba ya kijani iliyokolea, ambayo ndani yake hupatikana dhahabu kama kule Buhemba na Tarime, ni mizito kuliko graniti. Debe lake lingekuwa na kilo 56 hadi 60. Juu yake uvutano unazidi kidogo. Kwa hiyo mkiona watu wanapima Butiama, msiseme mara moja ni mafuta. Hata hivyo uvutano ukizidi, haisemi kuna dhahabu. Inasema mwamba wa chini ni mzito, basi. Dhahabu yenyewe ni chembe chache katika tani moja ya mawe, na hakuna springi inayoweza kuzihisi.

Na maji? Katika graniti maji hukaa kwenye nyufa na kwenye mwamba uliolika. Kwa kisima cha kijiji, wapimaji wa maji hutumia zaidi njia ya kupitisha umeme ardhini kuliko uvutano. Kila kazi na chombo chake. Jembe halifulii nguo.

Mahali palipo karibu nasi ambapo uvutano umetumika kutafuta bonde la mashapo ni Eyasi-Wembere. Ukitoka Bunda ukapita Simiyu hadi Meatu, mbele yake kuna nchi tambarare inayokwenda Ziwa Eyasi na mbuga za Wembere, hadi Singida na Tabora. Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lilipeleka huko katika miaka ya 2010 ndege yenye vyombo vya kupima uvutano. Baadaye vikachimbwa visima vifupi vya uchunguzi, na katika miaka ya 2020 ukafuata upimaji wa mitetemo. Mnaona mpango ule ule? Kwanza njia nyepesi inayopita haraka juu ya nchi kubwa ili kujua shimo liko wapi. Kisha njia ya gharama, pale tu penye matumaini. Uvutano hauthibitishi mafuta. Unapunguza mahali pa kutafuta.

WAPIMAJI WAKIFIKA, TUFANYE NINI?

Kwanza, wapokelewe kwenye ofisi ya serikali ya kijiji. Waonyeshe barua, waseme wanatoka wapi na wanapima nini. Kuuliza si ukorofi. Aliyesoma anauliza, na anaandika jibu katika daftari la kijiji.

Pili, tusing'oe bikoni, zile alama za saruji au chuma walizoweka. Wengine wanang'oa kwa kudhani chini yake kuna kitu, wengine wanataka chuma. Chini yake hakuna kitu. Lakini ikipotea, kimo kinapotea, na mmekwisha sikia kosa la meta 5 linafanya nini.

Tatu, kama gari au mashine imeharibu mazao, mwenye shamba aandike siku hiyo hiyo: ni eneo gani, ni zao gani, nani alishuhudia. Apeleke kwa uongozi wa kijiji. Maneno matupu yanapotea, maandishi yanabaki. Kisomo ni kwa ajili ya siku kama hiyo.

Nne, asiuze mtu shamba kwa sababu ya sanduku, wala asinunue. Kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, mafuta na gesi vilivyomo ardhini ni mali ya Jamhuri. Mwenye shamba hawi mwenye mafuta. Na ardhi ya kijiji ina utaratibu wake katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Dalali anayesema "uza upesi, wamepima," muulizeni swali moja tu: wamepima nini? Asipojua kujibu, ninyi mnajua.

Ndugu wahitimu, sanduku lile linasema mahali hapa chini ni pepesi au ni pazito. Haliwezi kusema ni pepesi kwa sababu gani. Kazi hiyo inabaki kwa binadamu, naye binadamu anaweza kukosea hata kama namba zake ni safi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tukiona vyatangazwa, tuulize vimechimbwa?



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mizani ya sahani mbili haiwezi kuonyesha tofauti ya uvutano, lakini mizani ya springi inaweza?

2. Vituo sita vilivyopimwa katika mstari mmoja vimetoa: 0, pungufu 3, pungufu 7, pungufu 12, pungufu 17, 0. Choreni umbo la bonde hilo. Ukuta uliosimama uko upande gani?

3. Kituo kimoja kina upungufu wa miligali 34. Tumia kanuni ya miligali 17 kwa kilometa. Mashapo yana unene usiopungua kiasi gani?

4. Vipimo vya Bullard vilikuwa sahihi lakini maelezo yake hayakuwa sahihi. Toeni mfano mwingine, wa shambani au wa nyumbani, ambapo watu waliona jambo sawasawa lakini wakakosea sababu yake.

5. Je, kijiji chenu kina daftari la kuandika wageni wanaokuja kupima ardhi? Kama hakina, nani atalianzisha, na lini?